Maji Magumu ya Bomba: Ukoko wa Birika na Gharama Zake Nyumbani

Leo tunazungumzia jambo ambalo wengi kati yenu mnaoishi kusini na mashariki mwa Uingereza mnakutana nalo kila asubuhi jikoni, kabla hata ya kunywa chai. Nalo ni ule ukoko mweupe unaoshika ndani ya birika la umeme, ambao hauondoki kwa sabuni wala kwa kusuguliwa na sifongo, na ambao ukiachwa kwa muda hubanduka vipande vipande na kuelea kikombeni.

Mgeni anayeuona ukoko huo kwa mara ya kwanza hudhani kuwa maji ni machafu. Wapo wanaoamua kununua maji ya chupa mwaka mzima, wakibeba mzigo baada ya mzigo kutoka dukani. Wapo wanaomsikiliza muuzaji aliyebisha hodi na kuwaonyesha mashine ya bei kubwa, wakatia saini ya kulipa kwa miezi mingi. Na wapo wasioujali kabisa, hadi siku wanapohama nyumba ya kupanga na kukuta sehemu ya amana yao imekatwa kwa sababu ya chokaa iliyoganda bafuni. Makundi yote matatu yanapoteza fedha, na chanzo ni kimoja, yaani kutofahamu maji haya ni maji gani. Kwa Kiswahili cha darasani huitwa maji magumu, na kinyume chake ni maji laini.

Ili tulielewe jambo hili vizuri, tuuchukue mfano wa mji mdogo wa Ware, katika jimbo la Hertfordshire, yapata kilomita 35 kaskazini mwa London. Mji huo umejengwa kando ya Mto Lea, na chini yake kuna mwamba mnene wa chaki. Mwamba huo ulifanyika zaidi ya miaka milioni 66 iliyopita, wakati eneo hilo lilipokuwa chini ya bahari, kutokana na maganda ya viumbe vidogo mno vya baharini yaliyotuama na kushindiliwa pamoja. Chaki hiyo hunyonya maji ya mvua mithili ya sifongo, kisha huyatoa polepole kupitia chemchemi na visima.

Wakazi wa London waliyatamani maji ya huko zamani sana. Mwaka 1609, Hugh Myddelton, sonara mwenye asili ya Wales, alianza kuchimba mfereji wa kuyapeleka maji ya chemchemi za Chadwell na Amwell, zilizo jirani na Ware, hadi jijini London. Mfereji huo ulikamilika mwaka 1613, ukiwa na urefu wa zaidi ya kilomita 60 kwa sababu ya kuzungukazunguka kufuata mteremko mdogo wa ardhi. Uliitwa New River, yaani Mto Mpya, na jina hilo halijabadilika ingawa si mto na umri wake sasa umepita miaka 400. Hadi leo bado unachangia maji ya London. Maji yake ni maangavu na yamesifiwa tangu enzi hizo, lakini ni magumu.

Je, ugumu huo unatoka wapi? Tone la mvua linapoanguka hubeba kiasi kidogo cha hewa ya kaboni dioksidi, na linapopenya kwenye udongo huchukua hewa hiyo kwa wingi zaidi. Maji na kaboni dioksidi vikiungana hufanya tindikali hafifu sana, ile ile iliyomo katika soda za chupa. Tindikali hiyo ikikutana na chaki huiyeyusha polepole, na maji yakaondoka yakiwa na madini ya kalsiamu ndani yake, pamoja na magnesiamu kidogo. Hayaonekani kwa macho na hayabadilishi rangi ya maji. Yapo tu, yakisubiri kupashwa moto.

Maji hayo yakichemka, ile hewa ya kaboni dioksidi hutoka na kwenda zake. Kalsiamu iliyokuwa imeyeyuka kwa msaada wake hukosa cha kuishikilia, ikarudi kuwa jiwe. Kwa hakika, ukoko ulio ndani ya birika ni kitu kile kile kilichoko chini ya mji wa Ware, chaki iliyosafiri kupitia mabomba na kuganda upya jikoni. Ni kitu kile kile vilevile kilichomo katika matumbawe ya pwani ya Afrika Mashariki, ambayo mababu walikuwa wakiyachoma kupata chokaa ya kujengea Mji Mkongwe wa Zanzibar. Ndiyo maana msikilizaji aliyekulia Unguja, akatumia maji ya kisima kilichochimbwa katika mawe ya matumbawe, huenda asishangae sana akifika Ware. Anayeshangaa zaidi ni yule aliyezoea maji ya mvua yaliyokingwa kwenye tangi, au yule aliyeishi kwanza Glasgow, Scotland, ambako maji ya bomba hutoka katika ziwa la Loch Katrine na ni laini kabisa.

Hapa inafaa tutenganishe mambo mawili ambayo watu wetu huyachanganya. Maji magumu si maji ya chumvi. Maji ya chumvi hutambulika ulimini mara moja, ilhali maji magumu ya kawaida ni matamu kunywa na wapo wanaoyapenda kuliko yale laini. Aidha, uko ugumu mwingine usioondoka kwa kuchemsha, unaotokana na madini ya jasi badala ya chaki, kama katika maji ya Burton upon Trent, mji ulipata umaarufu wa kutengeneza bia kwa sababu ya maji hayo. Lakini katika nyumba nyingi za kusini mashariki mwa Uingereza, ugumu unaosumbua ni huu wa chaki.

Kipimo kinachotumika ni miligramu za kalsiamu kaboneti katika lita moja ya maji. Maji yanayozidi miligramu 200 huhesabiwa kuwa magumu, na katika ardhi ya chaki ya Hertfordshire kipimo mara nyingi hukaribia au kupita 300. Tatizo ni kwamba vitabu vya maelekezo ya mashine hutumia vipimo vyake mbalimbali. Miligramu 300 ni sawa na takriban nyuzi 17 za Kijerumani, nyuzi 30 za Kifaransa, au nyuzi 21 za Clark, ambazo ndizo za Kiingereza cha zamani. Huko Marekani watasema greni 17 na nusu kwa galoni. Mtu akitaka kujua kipimo cha nyumbani kwake nchini Uingereza, hana haja ya kumlipa yeyote, kwani kampuni ya maji ya eneo lake huonyesha takwimu hiyo bure katika tovuti yake ukiandika msimbo wa posta.

Miligramu 300 zinasikika kuwa chache. Hebu tupige hesabu. Tuseme familia moja inatumia lita 400 za maji kwa siku, kwa kuoga, kufua, kupika na msalani. Kila siku gramu 120 za chokaa hupita ndani ya mabomba ya nyumba hiyo, na kwa mwaka ni karibu kilo 44, pungufu kidogo tu ya mfuko wa saruji. Sehemu kubwa huenda na maji machafu bila kugusa kitu. Inayobaki ni ile iliyomo katika maji yaliyopashwa moto, yaliyoachwa kukauka juu ya kigae na kioo, au yaliyokutana na sabuni.

Na sabuni ndiyo iliyowafanya wataalamu wa karne ya 19 kulishughulikia jambo hili. Sabuni ya kweli, ile ya mche inayotengenezwa kwa mafuta na magadi, haipatani na kalsiamu. Zikikutana huungana na kufanya mabaki ya kijivu yasiyoyeyuka, yale yanayong'ang'ania kuta za beseni la kuogea na kuziacha nguo nyeupe zikiwa zimefifia na kukakamaa. Kanzu iliyofuliwa kwa sabuni ya namna hiyo katika maji ya Ware haitachukua muda kupoteza weupe wake. Povu halikai hadi kalsiamu yote iwe imekwisha kula sehemu yake ya sabuni. Kwa hesabu ya kikemia, ndoo ya lita 20 ya maji yenye kipimo cha 300 humaliza takriban gramu 35 za sabuni kabla povu la kwanza halijasimama. Maskini wa miji ya Uingereza walilipa gharama hiyo kila siku ya kufua, bila kujua kuwa sehemu ya fedha zao za sabuni ilikuwa ikienda kwenye mwamba.

Thomas Clark, profesa wa kemia huko Aberdeen, Scotland, ndiye aliyetafuta dawa yake. Alibuni njia ya kupima ugumu wa maji kwa kutikisa sabuni iliyoyeyushwa hadi povu litulie, na mwaka 1841 akapata hataza ya kuyalainisha maji kwa kuyatia chokaa. Msikilizaji atauliza: chokaa inaondolewaje kwa chokaa? Siri ni kwamba chokaa iliyozimuliwa huinyang'anya ile kaboni dioksidi iliyokuwa inaiyeyusha chaki, na chokaa zote mbili, ya zamani na mpya, hutuama chini pamoja. Mitambo ya maji ya miji ya Minneapolis na Columbus nchini Marekani, ambako wanaishi watu wengi kutoka Afrika Mashariki, hulainisha maji kwa chokaa hadi hivi leo, na kwa hiyo wasikilizaji wetu wa huko hawayajui mateso ya birika la Hertfordshire.

Sabuni za unga na za maji za siku hizi si sabuni kwa maana ile ya kale. Ni kemikali nyingine zinazostahimili kalsiamu vizuri zaidi, na huongezewa vitu vya kuifunga kalsiamu isisumbue. Zamani kitu hicho kilikuwa fosfeti, lakini Umoja wa Ulaya uliiwekea mipaka mikali katika sabuni za kufulia za nyumbani kuanzia mwaka 2013, na katika zile za mashine za kuosha vyombo kuanzia 2017, kwa sababu hurutubisha magugu ya mitoni. Hata hivyo kalsiamu bado hula sehemu yake. Nyuma ya boksi la sabuni ya unga kuna jedwali lenye safu tatu: maji laini, ya wastani na magumu. Wengi wetu hatulisomi. Anayeishi Ware akitumia kipimo cha safu ya kwanza, nguo hazitatakata na mashine itajijengea ukoko. Anayeishi Glasgow akitumia kipimo cha safu ya tatu, anamwaga fedha na povu.

Tuje sasa kwenye chai, maana hapa ndipo malalamiko yanapozidi. Msikilizaji aliyezoea chai ya rangi iliyo angavu, akaipika kwa maji magumu, huona juu yake utando mwembamba wa kahawia, kama mafuta, unaopasuka ukiutikisa na kuacha duara kwenye kikombe. Wengi husema ni nta ya majani au uchafu wa mabomba. Wanasayansi wawili wa Chuo cha Imperial mjini London, Michael Spiro na Deogratius Jaganyi, walilichunguza jambo hilo na kuchapisha matokeo yao mwaka 1993 katika jarida la Nature. Waligundua kwamba utando huo hutokana na viambato vya majani ya chai vinavyoungana na hewa ya oksijeni juu ya uso wa maji, na kwamba bila kalsiamu na bikaboneti zilizomo katika maji magumu hautokei. Ukitumia maji laini, hakuna utando. Ukikamulia limau, hakuna utando, kwa kuwa tindikali yake huivunja bikaboneti. Profesa Jaganyi baadaye akawa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Mount Kenya, huko Thika nchini Kenya, na ni jambo la kufurahisha kwamba swali lililowasumbua wanywaji chai wa London lilijibiwa kwa mkono wa msomi ambaye sasa anajulikana kwetu.

Kwa hiyo bibi anayetia ndimu katika chai ya rangi anafanya kemia bila kuambiwa. Utando wenyewe hauna madhara, ila unaharibu sura ya chai na hutia doa vikombe. Jagi lenye kichujio, lile linalouzwa katika maduka makubwa, hupunguza ugumu wa kutosha kwa chai na kahawa, alimradi kichujio kibadilishwe kwa wakati. Kichujio kilichochoka hakifanyi kazi yoyote isipokuwa kukaa jikoni.

Halikadhalika maharage. Wako akina mama waliohamia Uingereza wakalalamika kwamba maharage ya huko hayaivi, wakayalaumu maduka kwa kuuza maharage ya zamani. Wakati mwingine ni kweli ni ya zamani. Lakini maji nayo yana sehemu yake, kwa sababu kalsiamu hushikamana na ile gundi ya asili inayounganisha chembe za punje, na kuikaza isilegee kwa moto. Wapishi wa Afrika Mashariki wanaijua dawa yake tangu kale, nayo ni magadi. Magadi huitoa kalsiamu katika maji na kuilegeza ile gundi kwa wakati mmoja, ndiyo maana makande na kunde huiva upesi. Madini yanayochimbwa katika Ziwa Magadi nchini Kenya kwa zaidi ya miaka 100 sasa yana undugu wa karibu na soda ya kufulia ambayo Waingereza huitia katika maji magumu. Hata hivyo tunatahadharisha: soda inayouzwa kwa kufulia si ya kutia katika chakula. Kwa maharage inatosha kuyaloweka usiku kucha na kutia chembe kidogo tu ya bikaboneti ya soda ya kupikia. Ikizidi, ladha huharibika na baadhi ya vitamini hupotea.

Gharama kubwa zaidi, lakini, haionekani jikoni. Imejificha ndani ya mitambo ya kupasha maji moto. Tofauti na sukari au chumvi, chaki huyeyuka kidogo zaidi kadiri maji yanavyozidi kupata moto, kwa hiyo huganda hasa pale penye joto kali, yaani juu ya koili ya umeme na ndani ya boila. Ukoko huo hupitisha joto vibaya, zaidi ya mara 100 pungufu ya shaba. Koili iliyovishwa koti la chokaa hulazimika kupata moto kupita kiasi ili maji yapate joto lile lile, na mwisho hukatika. Wengine hushauri kupunguza joto la tangi la maji ili ukoko usijengeke. Ushauri huo una hatari yake, kwa sababu maji ya uvuguvugu yaliyotuama yanaweza kustawisha bakteria wa legionela, wanaosababisha homa kali ya mapafu. Nchini Uingereza tangi la maji moto hutakiwa kuwa na nyuzi 60 za Selsiasi. Kupita hapo ni kujiongezea ukoko bure, na kushuka sana chini yake ni kucheza na afya.

Kuhusu afya yenyewe, kuna hofu nyingi kuliko ushahidi. Shirika la Afya Duniani halikuweka kiwango cha juu cha ugumu wa maji kwa misingi ya afya, na sheria za maji ya kunywa za Uingereza nazo hazikuweka. Kalsiamu na magnesiamu ni madini ambayo mwili unayahitaji. Hofu ya mawe ya figo ndiyo tunayoulizwa zaidi, na jibu ni kwamba haijathibitika kuwa maji magumu ndiyo yanayoyaleta. Kunywa maji machache kupita kiasi, ambako ndiko hutokea mtu anapoyaogopa maji ya bomba, ni hatari inayojulikana zaidi.

Ngozi ya watoto ni suala tofauti, na hapa tunapaswa kuwa waangalifu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha watoto wachanga wapatao 1,300 wa miezi mitatu, ulionyesha kwamba wale wanaoishi penye maji magumu walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na ukurutu. Lakini utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2011 uliwachukua watoto 336 waliokwisha kuugua ukurutu, nusu yao wakafungiwa mashine za kulainisha maji kwa wiki 12, na ugonjwa haukupungua kwao kuliko kwa wenzao. Kwa ufupi, maji magumu huenda yanachangia katika kuanza kwa tatizo, lakini mashine si dawa ya tatizo lililokwisha kuanza. Mzazi ambaye mtoto wake anajikuna usiku asikope fedha kununua mashine kwa matumaini hayo. Daktari, mafuta ya kulainisha ngozi, na kupunguza sabuni wakati wa kumwogesha ni njia iliyo nafuu na yenye ushahidi zaidi.

Mashine hizo za kulainisha maji, za aina inayotumia chumvi, zinafanya kazi kweli. Ndani yake kuna punje za utomvu wa kutengenezwa zinazoishika kalsiamu na kuachia sodiamu mahali pake, kisha chumvi hutumika kuziosha ili zianze upya. Lakini sodiamu hiyo inabaki katika maji. Ukilainisha kabisa maji yenye kipimo cha 300, kila lita huongezewa takriban miligramu 138 za sodiamu. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Uingereza katika maji ya bomba ni 200, kwa hiyo maji hayo bado huwa ndani ya sheria, ila hayafai kutengenezea maziwa ya unga ya mtoto mchanga wala kwa mtu aliyeambiwa na daktari apunguze chumvi. Ndiyo sababu fundi mwaminifu huacha bomba moja jikoni lisilopitia katika mashine. Fundi asiyelitaja bomba hilo, mwulize.

Ama vile vifaa vya sumaku vinavyofungwa nje ya bomba na kudaiwa kuyatiisha maji, majaribio yake yametoa matokeo yasiyokubaliana, na kalsiamu yenyewe haiondoki. Anayevutiwa navyo adai kwanza ahadi ya maandishi ya kurudishiwa fedha. Na muuzaji anayetikisa chupa yenye maji yako na sabuni, kisha akakuonyesha mabonge meupe huku akitikisa kichwa kwa huzuni, hajakuonyesha sumu. Amekuonyesha kipimo cha Thomas Clark.

Huenda mtu akauliza kwa nini basi maji ya miji kama Ware hayalainishwi yote kabla ya kufika majumbani. Moja ya sababu ni gharama, kwa kuwa maji mengi huishia msalani na bustanini. Sababu nyingine ni madini ya risasi. Nyumba nyingi za zamani bado zina vipande vya mabomba ya risasi, na maji magumu huyavisha ngozi ya ndani inayoikinga risasi isiyeyuke. Glasgow ilifurahia maji yake laini tangu mwaka 1859, lakini maji hayo yaliyeyusha risasi ya mabomba kwa miongo mingi, hadi yalipoanza kutiwa dawa katika karne ya 20. Na katika mji wa Flint, jimbo la Michigan, Marekani, mwaka 2014 mamlaka zilibadilisha chanzo cha maji bila kutia kemikali ya kuyalinda mabomba, na watoto wakanyweshwa risasi. Kwa wasikilizaji wetu wa Oman na nchi za Ghuba, maji ya bahari yaliyosafishwa hutoka mtamboni yakiwa karibu hayana madini kabisa, na hula mabomba kwa njaa, kwa hiyo ni kawaida kuyapitisha katika mawe ya chokaa kabla ya kuyasambaza. Wakati Ware inataabika na chokaa, wao huinunua.

Kuuondoa ukoko ni kazi rahisi, ilimradi ufanywe kwa tindikali na si kwa nguvu. Siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, ikiachwa katika birika kwa saa moja au usiku mzima, huichemua chaki na kuiyeyusha ndani ya maji. Zile povu ndogo unazoziona ni kaboni dioksidi ikitoka. Unga wa tindikali ya limau hufanya kazi hiyo hiyo bila harufu. Kichwa cha bomba la mvua kifunguliwe na kulowekwa vivyo hivyo, kwa sababu ukoko wake ni maficho ya bakteria. Siki isigusishwe marumaru, ambayo nayo ni chokaa na italika. Na jambo hili lishikwe na kila mtu nyumbani, hata watoto: siki au dawa yoyote ya kuondoa ukoko isichanganywe kamwe na dawa ya kung'arishia yenye klorini, ile inayotiwa chooni. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya klorini, ambayo huunguza mapafu.

Mashine ya kuosha vyombo ina kilainisha maji chake ndani, na kina tundu lake la chumvi chini ya mashine. Ni chumvi maalumu ya punje kubwa, si ya mezani. Wapangaji wengi hutumia mashine hiyo miaka miwili bila kulifungua tundu hilo hata mara moja.

Na tukiwataja wapangaji, tangu Aprili mwaka 2007 sheria ya England inamtaka mwenye nyumba, katika mikataba ya kawaida ya upangaji, kuihifadhi amana ya mpangaji katika mfumo ulioidhinishwa na serikali, na mfumo huo huamua mabishano bila malipo. Anayetaka kukata fedha ndiye anayepaswa kuthibitisha. Uthibitisho wake huwa ni orodha na picha za siku ya kuingia zikilinganishwa na za siku ya kutoka. Kwa hiyo siku ya kwanza, kabla mizigo haijafunguliwa, piga picha ya mabomba, kioo cha bafuni, sehemu ya ndani ya choo na birika kama limo, kisha uzitume kwa wakala kwa barua pepe ili tarehe ibaki. Chokaa uliyoikuta si deni lako. Ile iliyojengeka ukiwa ndani ya nyumba itahesabiwa kuwa ni usafi ulioachwa, na kampuni ya usafi itakayoitwa na wakala itatoza kwa saa kazi ambayo chupa moja ya siki ingeimaliza usiku mmoja.